Anayetoka wa Kwanza

Bweni la wasichana, chuo cha ufundi
Jumanne, 4 Juni

Radi, dada yangu na adui yangu,

Basi ndiyo hivyo, tumeingia. Ijumaa tuliwafunga chuo cha kilimo mawili bila, na hata viatu hatujavua tukaambiwa nyinyi nanyi mmepita. Fainali ya mpira wa magongo ya vyuo vya kanda, Jumamosi ya tarehe kumi na tano, wewe upande ule na mimi upande huu! Wenzangu walipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Mimi nikawa nacheka peke yangu kama mwehu, maana nilikuwa namwona Mama mdogo jukwaani, hajui amshangilie nani amzomee nani.

Naandika barua kwa sababu kocha wetu ametunyang'anya simu. Eti mwaka jana kuna mtu alirekodi mazoezi yetu akawarushia wapinzani. Simu zote zimo kwenye ndoo, ndoo imo kabatini, na ufunguo wa kabati kauvaa shingoni. Wewe nasikia yako umeizima mwenyewe tangu nusu fainali, sijui kuna nini. Bahati yetu dereva wa mikate anashusha mikate kwetu na kwenu, halafu anakaa mlango wa pili na Mama mdogo. Amekubali kutubebea barua, ila amesema ikiingia mafuta tusimlaumu.

Habari za huku ni moja tu. Yule mwenzetu anayetoka wa kwanza kwenye kona fupi ameteguka kifundo cha mguu. Nafasi yake kapewa Twiga, yule mrefu wa mwaka wa tatu. Kwa hiyo ukiona miguu mirefu inakujia mbio, ndiye huyo. Mimi nitakuwa pale pale nilipozoea, kwenye nguzo ya goli, nimeganda kama jina langu.

Jiandaeni na vitambaa. Mtalia.

Mdogo wako,
Kisiki


Bweni la wasichana, chuo cha ufundi
Jumanne, 4 Juni

Shikamoo Mama mdogo,

Dereva wa mikate kabeba barua mbili leo. Hiyo nyingine ni ya Radi, usiifungue. Sio kwamba nakudhania, ila nakujua.

Mama mdogo, nimemdanganya Radi. Nimemwandikia kwamba Twiga ndiye atakayetoka wa kwanza. Siyo Twiga. Ni mimi.

Najua mechi zetu unazitazama huku umefumba jicho moja, kwa hiyo ngoja nikueleze. Timu ikicheza vibaya karibu na goli lake, wapinzani wanapewa kona fupi. Sisi wachache tunasimama nyuma ya mstari wa goli letu. Wao wanajipanga mbele yetu. Mmoja wao anausukuma mpira kutoka mstarini, wa pili anauzuia, wa tatu anapiga, na ule mpira ni plastiki ngumu kama jiwe. Sasa, mpira ukishasukumwa tu, mmoja wetu anachomoka mbio kumfuata mpigaji, uso kwa uso, amzibe. Huyo ndiye anayetoka wa kwanza. Kocha alisema kazi yake ni kufika kabla mpira haujapigwa, na akichelewa, basi yeye mwenyewe awe ukuta. Wenzangu walicheka. Mimi nikajidai nafunga kamba za viatu.

Tangu juzi kocha anawaleta wavulana wa timu ya wanaume watupigie. Wanasimama watatu, hatuambiwi nani atapiga. Nachomoka vizuri tu, nikifika katikati miguu inakuwa ya mtu mwingine. Jana nilifumba macho nikageuza uso. Kocha akapuliza filimbi, akaniita mbele ya wote, akasema, "Ukigeuza uso, umeupa mpira sikio." Chakula hakipiti. Hata darasani nikivaa miwani ya kuchomea vyuma, nikiona cheche zinanirukia naruka nyuma, na mwalimu ananishangaa, maana mimi ndiye niliyekuwa nawacheka waoga.

Naogopa, Mama mdogo. Sina neno jingine.

Radi asijue. Akijua ni mimi hatapiga kama anavyopiga, na mimi nataka apige kama Radi. Niapie hutamwambia.

Mwanao,
Kisiki


Chuo cha ualimu
Alhamisi, 6 Juni

Kisiki,

Barua imefika, inanukia siagi. Kulia mtalia nyinyi. Nusu fainali nilifunga mawili, yote ya kona fupi, uliza utaambiwa. Simu nimeizima kwa sababu watu wana kelele, basi, usinichimbe.

Huyo Twiga wenu mwambie avae kinga ya uso na aikaze mikanda. Aikaze haswa, amwite mtu amvutie kwa nyuma. Tena asije mbio. Akae zake tu aniache nipige, kwani kuna aibu gani? Goli moja halijamuua mtu. Nasema kwa nia njema kabisa, usianze kunicheka.

Kula ushibe. Wewe ukiwa na mechi huwa huli.

Dada yako,
Radi


Chuo cha ualimu
Alhamisi, 6 Juni

Shikamoo Mama mdogo,

Nimeandika mwanzo wa barua hii nikachana, nikaandika nikachana, mpaka wenzangu chumbani wakadhani nina mchumba.

Kwenye nusu fainali nilimvunja mtu taya.

Ni msichana wao anayetoka wa kwanza. Alikuja mbio, kinga yake ya uso ikalegea mkanda, ikapanda mpaka kwenye paji. Mimi nilishaanza kupiga. Niliiona ikipanda, naapa niliiona, na mkono haukusimama. Mpira ulimpiga ukaingia golini. Wenzangu wakanirukia mgongoni kwa furaha, na mimi nasikia tu ile sauti, maana mfupa una sauti yake, Mama mdogo. Refa akaliandika goli. Ndilo lile la pili ninalojivunia kwa Kisiki.

Watu wamenitumia video mpaka simu ikajaa. Wengine wameiwekea muziki. Ndiyo nikaizima.

Nilikwenda hospitali. Mara ya kwanza mama yake alisimama mlangoni akaniambia nirudi nilikotoka. Mara ya pili aliniruhusu. Taya limefungwa nyaya, anakunywa kwa mrija, shavu moja limekuwa kama mawili. Akachukua kalamu akaniandikia kiganjani, "Shuti zuri." Nililia mpaka nesi akanishika mkono akanitoa nje.

Sasa mazoezini siwezi kitu. Kocha ananiambia piga, napiga nje. Wenzangu wanacheka, wanadhani nawaficha wapinzani ujanja. Nikifumba macho namwona huyo Twiga, sijawahi hata kuonana naye, anakuja na miguu yake mirefu.

Nakuomba kitu. Wewe una sponji ngumu za makochi na mkono wako naujua. Mshonee Twiga kinga ya kidevu na koo, na ya kifua. Mpe Kisiki ampelekee, aseme imetoka kwako, jina langu lisitajwe. Na Kisiki asijue lolote kati ya haya niliyoyaandika. Atanionea huruma, na mimi huruma ya Kisiki siiwezi, bora anicheke. Niahidi.

Mwanao,
Radi


Dukani
Jumamosi, 8 Juni

Kisiki mwanangu, marahaba.

Nakuandikia juu ya mgongo wa kochi la watu, na mwenye kochi amekaa kwenye stuli ananiangalia kwa hasira, maana nilimwambia litakuwa tayari jana. Akae. Leo mikono yangu ina kazi yake.

Kifurushi alichokuletea dereva ni chako. Ni sponji ile ya kukalia, ngumu kabisa, katikati nimetia turubai, nje nimeweka kitambaa laini kisikuchubue. Kile kidogo unafunga kidevuni mpaka kooni. Kikubwa ni cha kifua. Vipimo sikuhitaji, nimekushonea sare tangu unatambaa. Vaa mazoezini, vaa Jumamosi, na wakikucheka waambie mama yako mdogo ni mjinga.

Haya, sasa tuongee. Mwambie dada yako. Nakusihi. Umeniambia niape, na mimi nakuambia kuna siri mtu anaweza kuzibeba na kuna nyingine zinamkaa shingoni. Wewe humjui Radi kama unavyodhani unamjua. Anapiga domo kubwa tangu mdogo, na tangu mdogo mimi ndiye niliyekuwa nambadilishia shuka alizolowesha kwa ndoto mbaya. Nisiseme zaidi. Mwambie tu ni wewe.

Au mwambie kocha hutaki. Kwani umehukumiwa? Waweke huyo Twiga, si ndiye mrefu.

Tangu barua yako ije nimejichoma sindano mpaka vidole vinauma kushika kikombe. Nikimaliza sentensi hii naanza kochi la huyu mama kabla hajanipiga.

Mama yako mdogo


Bweni la wasichana, chuo cha ufundi
Jumatatu, 10 Juni

Shikamoo Mama mdogo,

Nimezivaa. Sasa hapa wananiita Sofa. Golikipa wetu kila nikipita anauliza kama anaweza kukaa. Lakini zimenikaa vizuri mno, na kocha kageuza geuza ile ya kidevu, akauliza kama unaweza kushona nyingine nne.

Leo nilichomoka macho wazi. Mara ya kwanza, macho wazi. Mara ya pili, macho wazi. Mara ya tatu yule mvulana wa kulia akazuga, wa katikati akapiga, na mpira ukanipata pajani. Limevilia damu, hata kukaa nakaa upande. Kocha akapiga makofi, "Hivyo hivyo!" Mimi nikaenda bafuni nikafungua bomba nikalia, nikaosha uso, nikarudi. Hakuna aliyejua. Nimekuandikia wewe kwa sababu nikikaa nayo peke yangu itanipasua.

Lile jambo la taya nimelisikia. Dereva wa mikate hana breki mdomoni, kanisimulia mwanzo mpaka mwisho akiwa anashusha makreti. Maskini msichana wa watu. Na Radi kaniandikia kwamba nusu fainali alifunga mawili, hakuna hata nukta ya zaidi. Nilikasirika kidogo. Halafu hasira ikaisha.

Basi sasa ndiyo kabisa usimwambie. Ulikuwa unauliza kama nimehukumiwa. Sijahukumiwa, na kwa kocha siendi. Nimeisoma tena barua yako kutoka juu mpaka chini, na hakuna mahali umeapa. Usidhani sikuona. Apa, Mama mdogo. Mwambie dereva kwa mdomo tu, "Nimeapa," nitamwelewa.

Mwanao,
Kisiki (Sofa)


Dukani
Jumatano, 12 Juni

Radi mwanangu,

Sikuapa. Dereva alikuja jana akasimama mlangoni akasema, "Eti useme umeapa." Nikamwambia asalimie mikate.

Kaa chini kabla hujaendelea.

Twiga hatoki. Anayetoka wa kwanza ni Kisiki. Kinga uliyoniomba nishone, nimemshonea mdogo wako. Kidevu kile nilichokipima kwa kumbukumbu ni chake. Amenikataza nisikwambie, kama wewe ulivyonikataza nisimwambie, na mimi nimekaa katikati yenu siku zote hizi kama mtu aliyeshika nyaya mbili za umeme. Nimeshindwa. Jana nilikuwa napigilia kitambaa kwenye mbao, nikajikuta nimepigilia na gauni langu.

Anaogopa, Radi. Analia bafuni bomba likiwa wazi asisikike. Amepigwa pajani na wavulana, anakaa upande. Habari za taya amezisikia, na bado anasema anatoka. Mimi nilidhani akisikia ataacha. Ndipo nilipoishiwa nguvu.

Marehemu dada yangu aliniachia watu wawili. Sitaki Jumamosi nikae jukwaani nimwangalie mmoja akimvunja mwenzake halafu nirudi nyumbani na nani? Ningekuwa mtu mzima mwenye busara ningesema sikwambii la kufanya. Nakwambia. Usipige. Mwambie kocha unaumwa, mwambie mkono, mwambie lolote, apige mwingine. Lawama iwe yangu, nimeichukua yote.

Na Kisiki usimwambie kwamba umejua. Akichukia, anichukie mimi baadaye, akiwa mzima.

Mama yako mdogo


Chuo cha ualimu
Alhamisi, 13 Juni

Shikamoo Mama mdogo,

Nilisoma nimesimama na nikakaa mwenyewe, pale pale kwenye ngazi za bwalo. Watu wakanipita na sahani zao.

Kisiki! Yule mtoto! Nilimwandikia aikaze mikanda, nikamwambia asije mbio, na kumbe nilikuwa namwambia mwenyewe, naye akajinyamazia. Nikimpata nitamfinya.

Nimefanya ulivyosema. Nimemwambia kocha kifundo cha mkono kimekaza, nimejifunga bandeji, na Mungu anisamehe, nimechechemea na mkono, sijui hata mkono unachechemeaje. Kocha hakubishana. Amemweka Nyundo, mtoto wa mwaka wa kwanza, ana mabega kama mlango. Mimi sasa ndiye ninayeusukuma mpira kutoka mstarini, kazi ya mkono mmoja, haina madhara kwa mtu.

Kwa mara ya kwanza tangu nusu fainali nimelala. Leo nimekula sahani yangu nikala na ya mwenzangu. Sitampiga mtu, Mama mdogo. Sitampiga Kisiki. Nimeliandika mara mbili kwa sababu napenda kulisoma.

Nyundo anapiga kwa nguvu kuliko mimi, ila bado hajajua mpira wake unakwenda wapi. Leo mazoezini kavunja taa ya uwanjani, tumecheka sana. Mara nyingi unaruka juu ya goli. Na Kisiki ana kinga zako.

Tutaonana Jumamosi. Kaa upande wa kivuli.

Mwanao,
Radi


Dukani
Ijumaa, 14 Juni

Radi,

Dereva ameshawasha gari, naandika nimesimama. Huyo Nyundo ni nani? Hajui mpira wake unakwenda wapi maana yake nini? Taa ya uwanjani iko juu kiasi gani? Washa simu yako. Nimekupigia tangu asubuhi haipatikani. Mwambie kocha mkono umepona. Au usimwambie. Sijui. Sijui, Radi. Washa simu kwanza tuongee.

Mama mdogo


Hospitali, benchi la nje ya wodi ya mifupa
Jumatatu, 17 Juni

Kisiki,

Nesi anasema umesema nisiingie. Nimemwambia nitakaa hapa nje. Amesema benchi si mali yake. Nimeomba karatasi, kanipa, atakuletea mwenyewe.

Barua ya mwisho ya Mama mdogo niliipata jana, Jumapili, ndani ya kreti, chini ya mikate. Dereva anasema Ijumaa alikuta tumeshatoka kwenda kulala karibu na uwanja. Simu ilikuwa imezimwa, kama ulivyosikia.

Nilijua ni wewe. Nilijua tangu Alhamisi. Mama mdogo aliniandikia, na yeye aliniambia nisipige, na mimi nikafurahi kuambiwa. Usimlaumu peke yake. Mkono wangu hauna kitu. Bandeji niliifunga mwenyewe.

Nataka nikwambie nilichokiona, kwa sababu kila mtu ananiambia sikuwa na kosa na wewe ndiye pekee unayejua. Ilikuwa dakika za mwisho, tuko sare bao moja kwa moja, kona fupi yetu. Mimi nimeinama mstarini na mpira. Wewe uko nyuma ya mstari, umeinama, umevaa sponji zote, nikataka hata kucheka. Ukanitazama mimi. Halafu ukatazama pale mbele, mahali anaposimama mpigaji, ukamwona Nyundo. Ukanitazama tena. Niliuona uso wako ndani ya kinga, Kisiki. Nilikuwa na nafasi. Ningeweza kuusukuma mpira ovyo, ningeweza kuanguka, ningeweza kupiga kelele. Refa akapuliza, na mimi nikausukuma vizuri kabisa, kama nilivyofundishwa.

Ulitoka. Sikudhani utatoka.

Wote tulikuwa tumeogopa kidevu. Hakuna aliyefikiria goti.

Kombe tumepewa sisi, baada ya penalti. Sikulishika. Yule msichana wa taya alikuwepo jukwaani, alikuja kumshika Mama mdogo mkono mpaka gari la wagonjwa likaondoka. Mama mdogo hajala tangu siku hiyo. Hataki kuja hapa, anasema hana uso wa kuleta. Duka limefungwa.

Niambie lolote. Nitukane. Niko hapa kwenye benchi.

Radi


Wodi ya mifupa, kitanda cha dirishani
Jumatano, 19 Juni

Radi,

Nesi anasema bado uko hapo, na kwamba unawasaidia wagonjwa kujaza maji. Nimechelewa kujibu kwa sababu jana walinirudisha chumba cha upasuaji. Kifuniko cha goti kilipasuka vipande vitatu. Wametia skrubu. Daktari ni mtu mpole, alikaa kitandani kabisa, akaniambia nitatembea, na kwenye ngazi nitazoea. Nikamuuliza kukimbia. Akaanza kunieleza habari za ngazi upya.

Sitakutukana. Nataka ujue jambo moja ambalo Mama mdogo hakulijua, na nilimficha kwa upumbavu wangu, nikidhani inatosha ajue hofu yangu tu.

Hakuna aliyenichagua. Kocha alikuwa amemweka Twiga kweli. Tuliposikia tunacheza na nyinyi, Twiga akaanza kutetemeka, wenzangu wote wakatazama chini. Mimi nikanyoosha mkono. Nikasema niacheni mimi, huyo ni dada yangu.

Tangu tuko wadogo ulikuwa unanipigia ule mpira uani nyuma ya duka, kwa mguu wa kochi bovu, na mimi nasimama mbele ya mlango wa choo. Nakujua unavyovuta pumzi kabla ya kupiga. Najua mpira wako utakwenda wapi kabla wewe hujajua. Wale wavulana nilikuwa nawaogopa mpaka nalia, kwa sababu sikuwajua, sikujua nani atapiga wala wapi. Kila siku nilikuwa nasema moyoni, vumilia, Jumamosi hawatakuwepo hawa, Jumamosi ni Radi. Niliposikia habari za taya niliogopa kitu kimoja tu, kwamba utajua ni mimi na utashindwa kupiga. Ndiyo maana nikamwambia Mama mdogo aape. Alidhani nakuogopa. Na wewe ukadhani hivyo.

Katika mipira yote ya kanda hii, wako ndio pekee niliokuwa siuogopi.

Uliponitazama kutoka mstarini nilikuwa nakuuliza kwa macho, umekwenda wapi? Nikatazama mbele nikamwona mtu nisiyemjua. Nilitoka kwa sababu filimbi ilishapigwa na miguu ilikuwa imezoea. Nilifumba macho, Radi. Kama siku ya kwanza.

Mwambie Mama mdogo afungue duka. Mwambie simchukii, na kwamba bado siwezi kumwona. Yote mawili mwambie.

Nesi ameshasema utaruhusiwa saa ya kuona wagonjwa. Ingia. Ila ingia polepole, uniite jina kabla hujafika kitandani, usinijie ghafla. Sasa na wewe nakuogopa.

Kisiki